Namna ya kuzisaka seli za masti kwenye ukuta wa tumbo na utumbo ulioumia

Ukiniwekea slaidi mbili za tumbo la panya wa maabara, moja ya tumbo zima na nyingine ya tumbo lililomwagiwa alkoholi kali, kisha ukaniuliza ipi ina seli nyingi za masti, yaani seli za kinga ya mwili zilizojaa chembechembe, sitakujibu papo hapo. Nitakuuliza kwanza nyama hiyo ililala kwenye dawa gani ya kuihifadhi, kwa saa ngapi, na rangi yake ilikuwa na pH ngapi, yaani ukali gani wa asidi. Nimekaa kwenye meza ya histolojia miaka 18. Kazi yangu ni kukata nyama vipande vyembamba kuliko unywele, kuvipaka rangi na kuvisoma kwa hadubini. Kati ya seli zote ninazotafutiwa, hizi ndizo zinazompotosha msomaji zaidi, kwa sababu pale zinapofanya uharibifu ndipo zinapopotea machoni.

Mwongozo huu namwandikia fundi wa maabara anayeanza, au mwanafunzi aliyepewa utafiti wa vidonda vya tumbo na kuambiwa tu, "kahesabu seli za masti." Hiyo kahesabu ina mambo.

Unachokitafuta ni nini

Mwaka 1878 Paul Ehrlich, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Ujerumani, alizieleza seli hizi katika tasnifu yake. Aliziona zimejaa chembechembe pomoni, akadhani ni seli zilizolishwa zikashiba, ndiyo maana jina lake linatokana na neno la Kijerumani la kunenepesha. Hazikushiba chakula. Chembechembe zile ni maghala: ndani yake mna histamini, heparini, vimeng'enya vya triptasi na kaimesi, na TNF, protini ya kuamsha uvimbe, ambayo imekwisha kutengenezwa na inangoja kutumwa.

Huzaliwa kwenye uboho wa mifupa, husafiri kwa damu zikiwa changa, na hukomaa baada ya kufika zinakokwenda kukaa. Kwenye tumbo na utumbo utazikuta kandokando ya vimishipa vya damu, jirani na nyuzi za fahamu, na chini kidogo ya seli za juu za utando. Mahali hapo hapakuwa pa bahati nasibu. Aliyekaa hapo ndiye wa kwanza kujua kilichopenya.

Zinachokozwa na vitu vingi: kingamwili za IgE zilizokutana na kitu cha mzio, substansi P inayotoka kwenye nyuzi za fahamu, homoni ya msongo iitwayo CRH, sumu za baadhi ya bakteria, au damu inayorudi ghafla kwenye utumbo uliokuwa umekatiwa damu. Zikichokozwa, humwaga chembechembe ndani ya dakika chache. Histamini hufungua mianya kwenye kuta za vimishipa. Maji na protini za damu huvuja na utando huvimba. Triptasi hugusa kipokezi kiitwacho PAR-2 kwenye seli za utando, na vile vifungo vinavyoibana seli na jirani yake hulegea. Halafu seli ya masti huanza kutengeneza vichocheo vipya vya uvimbe: leukotrini C4, prostaglandini D2, na PAF. Leukotrini hubana mishipa midogo, na utando uliopungukiwa damu hauwezi tena kujikinga na asidi iliyo juu yake. TNF nayo huwaita neutrofili, askari wa damu nyeupe, nao wakija huja na silaha zao. Hivyo mkwaruzo ambao ungejifunga wenyewe kwa saa chache unachimbika kuwa kidonda.

Jambo moja nalirudia kwa kila mwanafunzi: usiandike kwamba histamini ya seli za masti ndiyo inayoendesha asidi ya tumbo siku zote. Kazi hiyo hufanywa zaidi na seli za ECL zilizo ndani ya tezi za tumbo, zikiamrishwa na homoni ya gastrini. Ni kwa mgonjwa wa mastositosisi, mwenye seli za masti kupita kiasi, ndipo histamini iliyozagaa huweza kupandisha asidi hadi duodenamu, mwanzo wa utumbo mdogo, ikapata vidonda.

Anzia kwenye kibano

Watu wengi wanadhani kazi inaanza kwenye chupa ya rangi. Inaanza pale kipande kinapotoka mwilini. Seli ya masti ni nyepesi kuchokozeka. Ukikiminya kipande cha biopsi, yaani nyama iliyochukuliwa kwa uchunguzi, kwa kibano, au ukakikwangua kwenye karatasi, utaona chembechembe zimetawanyika pembezoni na utafikiri ni ugonjwa kumbe ni mkono wako. Kishike kwa ncha, upande mmoja, au kisukume kwa sindano kiingie chenyewe kwenye dawa. Kiingie mara moja. Dawa iwe angalau mara 10 ya ujazo wa nyama. Mimi huweka 20.

Sasa dawa gani? Hapa ndipo penye mtego mkubwa wa kazi hii. Formalini ya asilimia 10 inatosha ukiwa na biopsi ya binadamu na unakusudia kutumia kingamwili, zile zinazoshika protini moja ya seli na kuionyesha kwa rangi. Lakini kwa panya, na kwa rangi za kawaida, formalini huzificha seli za masti za utando. Lennart Enerbäck wa Uswidi alilionyesha hili mwaka 1966. Panya ana seli za masti za aina mbili: za tabaka la chini, zenye heparini tele, na za utando wenyewe, zenye kondroitini salfeti na histamini kidogo. Zile za tabaka la chini hustahimili formalini. Za utando, formalini huzifunga kwa protini kiasi kwamba rangi haipati pa kushika.

Mwanafunzi mmoja wa mafunzo kwa vitendo aliniita siku moja, jicho bado liko kwenye lenzi.

"Mwalimu, utumbo huu hauna hata seli moja juu. Zote ziko chini."

"Ulilaza kwenye nini?"

"Formalini, Mwalimu. Ijumaa mpaka Jumatatu."

Nikamwambia asiandike "hakuna." Tulichukua vipande vya panya wa kundi lilelile vilivyokuwa vimelazwa kwenye mchanganyiko wa Carnoy, tukapaka rangi ileile, siku ileile. Utando ulikuwa umejaa. Alikaa kimya, kisha akachukua kalamu akafuta mstari mzima kwenye daftari lake, na akaandika jina la dawa juu ya kila ukurasa. Mpaka leo anafanya hivyo.

Carnoy ni sehemu 60 za ethanoli kamili, 30 za kloroformu na 10 za asidi asetiki kali. Changanya ndani ya kabati la kuvuta hewa, maana mvuke wa kloroformu si wa kuvuta. Kipande kidogo kinatosheka na saa 2 hadi 4. Kikizidi kinakauka na kuwa kigumu, na kisu cha mikrotomu, mashine ya kukatia, kitakichana. Kikitoka, kiende moja kwa moja kwenye alkoholi kamili, kisipitie maji. Ujue pia kwamba Carnoy hupasua chembe nyekundu za damu na kuisinyaza nyama, basi usilinganishe eneo la kidonda la Carnoy na la formalini kama vile ni kitu kimoja.

Ukiwa umekwisha kuharibu, yaani nyama yote iko kwenye formalini na panya hawapo tena, ipo njia ya kuokoa: toluidini ya buluu ya asilimia 0.5 kwenye asidi yenye pH 0.5, na slaidi zilale humo siku 5 hadi 7. Ni kungoja kwingi, lakini seli za utando hujitokeza.

Unapokilaza kipande kwenye nta, kisimamishe kwa ubavu. Lazima uone tabaka zote kwa mkato mmoja, kuanzia utando wa juu, msuli mwembamba ulio chini yake, tabaka la chini, mpaka msuli mnene. Kipande kilicholala kifudifudi hakisomeki, hata rangi iwe nzuri vipi. Kata mikroni 4 au 5.

Rangi, na dakika mbili zinazoamua

Toluidini ya buluu ni rangi ya bei ya chini na ni rafiki wa kweli ukiiheshimu pH yake. Akiba: gramu 1 ya rangi kwenye mililita 100 za alkoholi ya asilimia 70. Ya kutumia: mililita 5 za akiba kwenye mililita 45 za maji ya chumvi ya asilimia 1, ambayo umeyashusha kwa asidi ya haidrokloriki hadi pH kati ya 2.0 na 2.5. Mimi hulenga 2.3. Pima kwa mita wala si kwa makisio, tena pima siku hiyohiyo, kisha imwage baada ya kazi. pH ikipanda juu ya 2.5, viini vya seli zote na nyuzi zote huanza kunywa rangi, na seli za masti humezwa na buluu iliyoenea.

Ondoa nta, rudisha nyama kwenye maji, ingiza slaidi kwenye rangi dakika 2 hadi 3. Suuza kwa maji yaliyochujwa mara tatu. Sasa kabla hujaendelea, iweke slaidi ingali mbichi chini ya lenzi ndogo uitazame. Nyama nzima ni ya buluu hafifu, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Ndani yake, kandokando ya vimishipa, kuna madoa ya zambarau yenye wekundu, makali, kila doa limejaa punje. Rangi iliyotoka kwenye chupa ni buluu tupu. Wekundu ule umezaliwa palepale. Molekuli za rangi hujipanga zikibanana kwenye mnyororo wa heparini, wenye salfeti nyingi, na kubanana huko hubadilisha mwanga zinaoufyonza. Nimeiona mara maelfu na bado huwa nainama kuitazama tena.

Kisha fanya haraka. Alkoholi huula ule wekundu. Chovya mara 10 kwenye alkoholi ya asilimia 95, mara 10 kwenye alkoholi kamili, mara 10 nyingine kwenye kamili ya pili, kisha zailini na kifuniko. Ukiiacha slaidi kwenye alkoholi ukaenda kupokea simu, utarudi ukute buluu tupu.

Kila kundi la slaidi liwe na slaidi ya shahidi, yaani nyama unayojua ina seli hizo, ili ujue rangi imefanya kazi. Ulimi au ngozi ya panya inafaa sana kwa seli za tabaka la chini. Kwa seli za utando, shahidi awe utumbo uliolazwa kwenye Carnoy, kwa sababu ulimi ukitoka vizuri hauthibitishi lolote kuhusu utando.

Kwa biopsi ya binadamu, tumia kingamwili dhidi ya triptasi. Seli nyingi za masti za utando wa utumbo wa binadamu zina triptasi peke yake. Zile za tabaka la chini zina triptasi na kaimesi pamoja. Wengine hutumia kingamwili dhidi ya CD117, protini iliyo juu ya seli za masti. Inafanya kazi, ila hushika pia seli za Cajal zinazoongoza mwendo wa utumbo, ambazo hukaa kwenye msuli. Ukiingia kwenye msuli na CD117, usihesabu kitu.

Kuhesabu bila kudanganyika

Neno "kwa kila uwanja wa lenzi kubwa" limeleta mkanganyiko mwingi. Uwanja wa hadubini yako si wangu. Tazama namba iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho. Ikiwa ni 22, ukitumia lenzi ya 40, kipenyo ni 22 gawa kwa 40, yaani milimita 0.55, na eneo ni takriban milimita za mraba 0.24. Ikiwa ni 18, kipenyo ni 0.45 na eneo ni 0.16. Seli 20 kwenye uwanja wa kwanza ni kama 84 kwa milimita moja ya mraba. Seli 20 kwenye wa pili ni kama 126. Andika kwa milimita ya mraba, kila mara. Hesabu nyanja 10 zilizochaguliwa kwa mpangilio uliouweka kabla hujatazama, na slaidi ziwe zimefunikwa majina, mtu mwingine ashike orodha. Utando uhesabiwe peke yake na tabaka la chini peke yake.

Na sasa kosa langu, ambalo ndilo lililonifanya niandike haya yote. Miaka yangu ya mwanzo nililetewa matumbo ya panya waliopewa ethanoli kali, pamoja na ya panya waliopewa maji. Nilihesabu kwa uaminifu, nikajaza jedwali: kundi la ethanoli lilikuwa na seli za masti pungufu, karibu nusu. Mtafiti akafurahi, akaandika kwamba alkoholi inaziua seli za masti, na kwamba kwa hiyo hazina mchango katika jeraha. Wiki mbili baadaye, nikisafisha lenzi ya 100 ya mafuta, niliweka slaidi moja ya kundi lile ili nijaribu kioo. Kando ya mshipa uliovimba kulikuwa na kiini cha seli, rangi yake imepauka, na kukizunguka pande zote punje za zambarau zimetawanyika kwenye uvimbe, kama shanga zilizokatika uzi. Nikasogeza. Nyingine. Nikasogeza tena. Seli zilikuwepo. Zilikuwa zimemwaga, na kwenye lenzi ya 40 nilizipita kama hazipo.

Nilimpigia simu asubuhi ileile, nikamwambia jedwali langu si sahihi. Tulirudia slaidi zote.

Tangu hapo sihesabu idadi bila kuhesabu hali. Kila seli naiweka kwenye moja ya mafungu matatu. Iliyo nzima ina ukingo mkali na chembechembe zilizobanana hadi kiini hakionekani vizuri. Iliyomwaga kiasi ina ukingo uliovurugika na punje chache nje. Iliyomwaga sana ni kiini kinachoonekana wazi, mwili uliopauka, na punje zimezagaa au zimekwisha. Hilo fungu la tatu lisake kwa lenzi ya mafuta, kwenye uvimbe, kando ya mishipa. Ukitumia triptasi, tafuta kiwingu cha rangi kinachoizunguka seli. Ni triptasi iliyovuja. Asilimia ya zilizomwaga ndiyo inayoeleza jeraha la dakika na saa chache.

Pima pia umbali kutoka kwenye nyuzi za fahamu, kama una rangi ya kuzionyesha. Giovanni Barbara na wenzake, katika kazi yao ya mwaka 2004 kuhusu wagonjwa wenye utumbo unaosumbua bila kidonda, waliona kwamba seli za masti zilizo ndani ya mikroni 5 za nyuzi za fahamu zilikwenda sambamba na maumivu ya tumbo. Nakala ya hesabu isiyotaja mahali ingelipoteza jambo hilo.

Kusoma ulichokihesabu

Kuona seli zimemwaga kando ya kidonda hakuthibitishi kwamba ndizo zilizokichimba. Huenda kidonda ndicho kilichozimwaga. Ili kusema zaidi, unahitaji jaribio linaloziondoa au kuzizuia. Mwaka 1987 Stephen Galli na wenzake walilinganisha panya wasio na seli za masti na ndugu zao wa kawaida, wote wakipewa ethanoli, wakaonyesha kwamba seli hizi zinaweza kupanua eneo la jeraha. Kulipanua, si kulianzisha. Ethanoli ina ukali wake yenyewe. Panya hao wa zamani, wenye kasoro kwenye KIT, ambayo ndiyo ile CD117, wana pia upungufu wa damu na wamepungukiwa seli za Cajal, kwa hiyo matokeo yao yanahitaji kuungwa mkono na panya wa aina nyingine au dawa. Sodiamu kromoglaiketi na ketotifeni hutumika kuzituliza, ila zote mbili zina kazi nyingine mwilini. Na ukitumia dawa ya 48/80 kuzichokoza, kumbuka inazimwaga za tabaka la chini; za utando wa panya haiziamshi.

Tarehe ya kipande ni muhimu kama rangi. Seli za masti kwenye saa ya kwanza ni habari ya uvujaji na uvimbe. Seli za masti siku ya kumi, kwenye nyama changa inayojaza kidonda, ni habari nyingine kabisa: zinatoa VEGF, protini ya kukuza mishipa ya damu, na mishipa mipya inachipua. Seli hizihizi pia huusaidia utumbo kufukuza minyoo. Anayekwambia ni adui tu hajazitazama siku ya kumi.

Kwa biopsi ya mgonjwa, nakuomba uwe mwangalifu zaidi. Idadi kubwa peke yake si ugonjwa. Watu wasio na malalamiko yoyote hutofautiana sana. Kinachopaswa kukuinua kitini ni makundi yaliyoshikamana ya seli zaidi ya 15, zenye umbo la pia iliyorefuka, zinazoshika rangi ya CD25, alama ambayo seli za masti za kawaida hazina. Hapo mwambie daktari siku hiyohiyo, naye ataagiza triptasi ya damu. Ikiwa juu ya nanogramu 20 kwa mililita wakati mgonjwa ametulia, mastositosisi ichunguzwe. Kwa shambulio la ghafla, damu itolewe kati ya saa 1 na 4 baada ya kuanza, na nyingine baada ya saa 24 mambo yakiwa yametulia. Zidisha ya utulivu kwa 1.2, ongeza 2: mwenye 5 akiwa ametulia, 8 wakati wa shambulio inatosha kusema seli za masti zilimwaga.

Ripoti yangu ya mwisho huwa na mstari kama huu: "Tumbo, panya, saa 1 baada ya ethanoli. Carnoy saa 3. Toluidini ya buluu, pH 2.3. Tabaka la chini: seli 62 kwa milimita ya mraba, nzima 21, kiasi 17, zilizomwaga sana 24. Utando umehesabiwa kando. Msomaji hakujua kundi." Chini yake naweka tarehe, herufi za jina langu, na namba ya sanduku zilimo slaidi, ndani ya kabati lisilopigwa na mwanga, ili yeyote mwenye shaka aje azitazame mwenyewe.